Dakika Arobaini za Kuchomoa na Kuchomeka

Brian, na nyinyi wengine mliobaki karakana,

Ujumbe wako wa Jumanne ulinikuta barazani nikichambua mboga ya mrenda. Nilikuwa nimestaafu kwa siku kumi na moja, na katika siku hizo sikuwa nimefikiria kitu chochote kinacholala na kuamka, isipokuwa kuku. Uliandika hivi: "Madam, tunataka kutoa ile test ya plagi. Inakulanga dakika arobaini kila tukigusa kitu, na hakuna mtu huchomoanga plagi hivyo. Uko sawa na hiyo?"

Siko sawa na hiyo. Nilianza kukujibu kwa simu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta tena. Mwishowe nimechukua daftari, kwa sababu jibu la swali lako lina mtu ndani yake, na mtu huyo hatoshi kwenye ujumbe wa simu. Sitawasimulia vyeo. Nilipandishwa mara kadhaa, na kila mara kazi ilibaki ile ile na kiti kile kile chenye mguu mmoja mfupi, ambacho naamini sasa umekirithi wewe. Weka karatasi iliyokunjwa mara nne chini ya mguu huo, mara tatu haitoshi.

Siku niliyoanza, karakana ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la mabati hapo Lurambi. Nilifika na cheti changu kwenye bahasha ya plastiki nikidhani nitapewa kompyuta. Bwana Amukoye, aliyeianzisha karakana, alinipa penseli. Alikuwa amefanya kazi ya fundi wa umeme katika kiwanda cha sukari kwa nusu ya maisha yake, na aliamini kwamba kila kitu duniani ni kiwanda cha sukari kilichopunguzwa. Akaniambia nimchoree jinsi kiwanda kinavyozimwa. Mimi sikuwahi kuingia kiwandani, uhusiano wangu na sukari ulikuwa wa kikombe tu. Nikachora swichi moja kubwa na mkono unaoizima.

"Hapa umeua watu watatu," akasema, akanirudishia karatasi.

Kisha akanieleza, huku akigonga meza kwa kila hatua. "Kwanza unasimamisha miwa isiingie. Ile iko ndani ngoja ipite, isagwe, iishe. Ndio unazima mashine ya kusaga. Boira, ile tangi ya kuchemsha maji yawe mvuke, ni ya mwisho. Ukizima boira na miwa iko ndani, hiyo miwa itakauka hapo mpaka muitoe na shoka. Na asubuhi ni kinyume. Boira kwanza, miwa mwisho. Umeshika?"

Nikasema nimeshika. Sikuwa nimeshika. Nilimwona mzee msumbufu, nikarudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nimepata kazi kwa mtu anayezungumza juu ya miwa. Ilinichukua miaka miwili kugundua kwamba siku ile alinifundisha karibu kazi yote.

Kwa yeyote atakayeisoma barua hii bila kuijua kazi yetu, nieleze kidogo. Draiva ni programu ndogo inayokaa kati ya kompyuta na kifaa kimoja, kama skrini, au redio ya kutuma ujumbe, au kipimajoto. Kompyuta yenyewe haijui kuongea na kipimajoto, draiva ndiyo inayojua. (Wamama wa kanisani kwetu bado wananiuliza niliacha lini kuendesha lori.) Stima ikipotea na betri ikibaki peke yake, kompyuta huziambia draiva zote zilaze vifaa vyao. Draiva iliyolelewa vizuri hufanya alivyosema Bwana Amukoye: haipokei kazi mpya, inamaliza iliyo mkononi, inaweka mipangilio ya kifaa mahali salama, ndipo inakiambia kifaa kilale. Njia ya umeme inayovilisha vifaa ndiyo boila. Hulala mwisho, huamka kwanza.

Kifaa kilicho macho hakisumbui. Kifaa kilicholala hakisumbui. Taabu yangu yote ya miaka hii imekaa katikati, katika ile nusu sekunde ambapo kifaa hakiko huku wala kule, na watengenezaji wa vifaa hawataki kabisa kuizungumzia nusu sekunde hiyo. Karatasi zao za maelezo zina kurasa mia mbili juu ya rangi za nyaya, halafu kuhusu kulala wanaandika "subiri muda wa kutosha". Wa kutosha ni upi? Niliwaandikia watengenezaji wa skrini moja barua tatu kuwauliza. Waliijibu ya tatu, wakasema inategemea.

Nilikosea makosa ya kawaida ya wanaoanza. Niliamsha skrini kabla ya njia yake ya umeme, ikabaki nyeusi, nami nikakaa siku nne nikilaumu skrini, kebo, joto, na fundi aliyekuwa kabla yangu. Bwana Amukoye alipita nyuma yangu na kikombe chake, akatazama mistari yangu kwa muda mfupi tu. "Miwa imefika kiwandani na boira bado iko baridi," akasema, akaenda zake. Ndivyo alivyofundisha. Ungetamani kumrushia kitu, halafu unarekebisha mstari mmoja na skrini inawaka.

Basi ikaja kazi ya visanduku vya chanjo. Wengi wenu mmevikuta vikiwa vimeshazoeleka. Wakati huo vilikuwa vipya na tulijivunia sana, mimi nikiwa mbele. Kila zahanati yenye friji ya chanjo ilipewa kisanduku kimoja cha kukaa juu ya friji, na kipimajoto chenye waya mrefu kikaingizwa ndani. Kila baada ya dakika kumi kisanduku kiliandika joto na kulituma kwenye ofisi iliyosimamia chanjo. Kabla ya hapo wauguzi walisoma kipimajoto cha kioo asubuhi na jioni na kuandika kwa mkono. Ofisi ikawaambia waache karatasi, mashine itaandika. Sisi tukawafundisha wasiifungue friji bila sababu, watazame skrini yetu. Draiva ya kipimajoto niliiandika mimi, mwanzo hadi mwisho.

Na ile stika nyekundu pia ni yangu. USICHOMOE, herufi kubwa, karibu na plagi. Niliiagiza baada ya kuchoka na zahanati ambazo zilichomoa kisanduku ili wachaji simu. Nilikuwa na hasira nilipoiagiza, na inaonekana, kwa sababu herufi zinakaribia kumpiga mtu.

Sasa, Brian, wewe umezaliwa hapa hapa. Unajua mvua ya kwetu huja alasiri na radi huja mbele yake. Unajua mama yako hufanya nini ngurumo ya kwanza ikisikika: anafunika kioo, anawaita watoto ndani, na anachomoa kila kitu kilicho ukutani. Mama yangu alikuwa akichomoa hata taa ya mezani iliyokuwa imeungua. Hakuna nyumba kuanzia Lurambi mpaka Navakholo ambapo jambo hili linahitaji kufundishwa. Nami, niliyelelewa katika nyumba hizo, nilitengeneza kifaa cha kukaa ukutani katika nchi ya radi, nikakijaribu miezi mitatu kwa swichi safi ya mezani. Bonyeza, kilale. Ngoja. Bonyeza, kiamke. Kililala na kuamka mara elfu bila kosa, nikaenda kununua keki.

Zahanati ninayotaka kuwaeleza iko upande wa Navakholo, mbele ya soko, barabara ya udongo wa murram. Muuguzi wake aliitwa Sista Nekesa. Ijumaa moja, siku ya kliniki ya watoto, alifungua friji asubuhi akakuta ina joto. Kipimajoto chake cha zamani cha kioo, ambacho alikuwa hajakitoa ndani ingawa tulimwambia hakihitajiki tena, kilisoma nyuzi kumi na tisa. Akaziweka chanjo kando na kuziandika kwamba zisitumike, akawaambia akina mama warudi nyumbani, akapiga simu ofisini. Mchana, kwa kuwa hakukuwa na chanjo ya kumpa mtu yeyote, alienda Malava kwenye mazishi ya mjomba wake.

Mazishi hayo ndiyo aliyokuwa ameyaombea ruhusa wiki ile, akanyimwa.

Ofisini walifungua kompyuta. Rekodi ya kisanduku ilisema nyuzi nne nukta sita, tangu Jumatano alasiri hadi Ijumaa, bila kubadilika. Friji nzima, chanjo nzima, muuguzi mwongo. Wakamsimamisha kazi akisubiri kikao cha nidhamu, na kosa lililoandikwa lilikuwa kudanganya kuhusu friji ili aende matangani, na kuwarudisha watoto bila chanjo.

Jumatatu nilitumwa kukagua kisanduku. Nilikikuta kinafanya kazi. Friji ilikuwa inanguruma vizuri, baridi. Nilikilaza kisanduku kwa swichi yangu, kikalala, nikakiamsha, kikaamka. Sista Nekesa alikuwa amekuja kuchukua vitu vyake na alisimama mlangoni muda wote huo na sweta yake mkononi. Nilimsalimia. Sikumuuliza neno. Nilifungua rekodi nikaona ule mstari wa nne nukta sita umenyooka siku mbili, na nawaambia ukweli, niliupenda. Nilidhani ni uzuri wa kazi yangu. Nikaandika ripoti ya nusu ukurasa, nikamalizia kwa "Kifaa hakina kosa," nikatia sahihi.

Siku tisa baadaye alikuja karakana, asubuhi, akiwa na mwavuli na uso uliokuwa umeshaamua. Bwana Amukoye alikuwa amezeeka, alikuwa akija nusu siku tu kukaa pale pembeni na gazeti. Mimi nilikuwa na chupa ya chai mezani na kazi nyingi.

"Wewe ndiye uliandika kifaa haina makosa?"

"Ni mimi, Sista. Karibu ukae."

"Nimekaa nyumbani siku tisa. Wacha nisimame."

Akaniomba nimwonyeshe hizo namba. Nilimgeuzia skrini kwa subira ya mtu ambaye hana subira. Akazitazama kutoka juu hadi chini, akafuata kwa kidole.

"Madam, uko na friji kwako?"

"Ninayo."

"Inangurumanga?"

"Inanguruma, inanyamaza."

"Ikinyamaza joto inapandanga kidogo. Ikinguruma inashuka. Mimi nimeandika hizi namba na mkono miaka kumi na mbili, asubuhi na jioni. Sijawahi ona friji imekaa kwa namba moja siku mbili. Hii si friji. Hii ni picha ya friji."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli, na kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa rahisi hivyo, na kwa sababu mimi ndiye niliyesomea. Kutoka pembeni gazeti la Bwana Amukoye liliacha kuchakarika. Nikamuuliza Sista swali ambalo nilipaswa kumuuliza pale mlangoni kwake: Jumatano, radi ilipoanza, alifanya nini?

Alikitazama kisanduku cha majaribio kilichokuwa mezani, na stika yake nyekundu.

"Ukiandika na hiyo pia, wataniongezea."

"Sitaandika."

"Nilichomoa," akasema. "Radi ilipiga nikachomoa ile ekstensheni yote. Mama yangu alikuwa anatuchapa tukiacha kitu kwa ukuta. Alafu nikaona hiyo karatasi yako nyekundu, nikarudisha. Ikapiga tena, nikachomoa. Nikasema hawa watu watanifuta kazi, nikarudisha."

"Kwa haraka?"

"Kwani mtu huogopanga polepole?"

Bwana Amukoye alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilisukuma kisanduku upande wake, nikamkabidhi plagi, nikamwomba anionyeshe vile vile, kana kwamba radi iko juu ya paa. Mwanzoni aliona haya. Akachomoa taratibu kama mtu anayepigwa picha. Bwana Amukoye akamwambia, "Si hivyo, Sista. Ogopa." Akafumba macho kidogo, akaanza.

Mara ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, ya tatu, hakuna. Ya tisa aliporudisha plagi, skrini ilionyesha ishirini na tatu nukta nane, ambalo ndilo lilikuwa joto la chumba, na ikabaki hapo. Nilimimina chai kwenye kikombe nikatumbukiza kipimajoto. Chai ilikuwa inatoa mvuke. Ishirini na tatu nukta nane. Tulisimama watu watatu tukitazama kikombe cha chai moto ambacho, kwa mujibu wa kazi ya mikono yangu, kilikuwa baridi kama meza.

Kosa lilinichukua asubuhi ile tu kulipata, baada ya kutolitafuta miezi yote ile. Draiva yangu ilikuwa na alama moja iliyosema "macho" au "amelala". Alama ya "amelala" niliiandika mwisho kabisa, baada ya kila kitu kumalizika. Plagi ikitoka, draiva ilikiambia kipimajoto kilale. Plagi ikirudi upesi, kazi ya kulaza ilikatishwa katikati, kabla alama haijaandikwa, na kompyuta ikasema amka. Draiva ikatazama alama yake, ikaona bado "macho", ikajibu kwamba hakuna la kufanya. Huku nyuma kipimajoto kilikuwa kimeshatii amri ya kwanza, kikalala. Kuanzia hapo kila dakika kumi kiliulizwa joto, nacho, kikiwa usingizini, kilirudia namba ya mwisho ambayo kilikuwa nayo. Draiva iliipokea na kuituma ofisini bila aibu.

Friji nayo, iliyochomekwa kwenye ekstensheni ile ile, ilikumbwa na mambo yale yale. Kile kidude cha kulinda friji, kinachongoja dakika chache kabla ya kuruhusu stima, kilivurugwa na kule kuingia na kutoka, kikafunga na kisifungue tena. Alhamisi Sista hakuifungua friji kwa sababu tulimfundisha asiifungue, atazame skrini, na skrini ilisema nne nukta sita. Ijumaa alasiri, yeye akiwa Malava, radi ilipiga tena, mlinzi wa zahanati akachomoa ekstensheni, mvua ilipokwisha akairudisha. Friji ikaanza kunguruma, kipimajoto kikaamka kwa mruko wa namba ambao niliudhania mlango wa friji uliofunguliwa, na Jumatatu nikakuta kila kitu kizima. Isipokuwa jina la mtu.

"Kwa hivyo sikudanganya," Sista akasema. Hakulisema kama swali.

"Hukudanganya."

"Sasa waambie."

Kwenye kikao nilienda na kisanduku, ekstensheni, na chupa ya chai. Mwenyekiti akaniambia, "Madam, hatukuja kunywa chai." Nikamwambia hata mimi. Nilichomoa na kuchomeka mbele ya watu saba waliokuwa wakitazama saa zao, na kwa kuwa sikuwa na mkono wa Sista, ilinichukua mara nyingi zaidi, mpaka jasho likanitoka mgongoni. Namba iliposimama nilitumbukiza kipimajoto kwenye chai na kumsogezea mwenyekiti. Aligusa kikombe kwa kidole, akakiondoa haraka. Akatazama skrini. Akagusa tena, safari hii polepole.

"Na ripoti yako ya kwanza?"

Nikasema ilikuwa na kosa, na kosa ni langu. Wakaniambia niandike ripoti nyingine. Nikaiandika siku hiyo hiyo, kurasa tano, wakaiweka kwenye faili lake. Akarudishwa kazini, ila si Navakholo, kwa sababu kule akina mama walikuwa wameshasikia kwamba ni muuguzi wa kufunga kliniki aende matangani, na maneno hayo hayatumwi kwa kompyuta kwa hiyo hayawezi kurekebishwa na kompyuta. Wakampeleka upande wa Bukura.

Draiva nikaiandika upya. Sasa ina hali nne, kwa sababu "analala" na "anaamka" ni hali kamili na zinastahili majina yao. Amri ya kuamka ikija katikati ya kulala, inangoja kulala kuishe, ndipo inaanza tangu boila. Na kipimajoto kisipotoa namba mpya, draiva haitoi ya zamani. Inasema haijui. Kwa mstari huo nilibishana na watu wa ofisi wiki nzima, maana walisema skrini yenye neno "haijulikani" itawatia wauguzi wasiwasi. Niliwaambia friji isiyojulikana inapaswa kumtia mtu wasiwasi. Nilisema mara nyingi na kwa sauti ambayo sijutii.

Halafu nikamwita Sista Nekesa tena karakana. Nilimwomba achomoe na kuchomeka kwa dakika arobaini huku nikipima kila mkupuo kwa saa ya kompyuta. Alilalamika mkono, akanywa chai, akaendelea. Bwana Amukoye alikaa karibu naye akipiga ngurumo kwa sinia la bati ili asisahau kuogopa. Huo ndio ulikuwa mchango wake wa mwisho katika karakana, kabla ya miguu kumkatalia, na naona aliufurahia kuliko yote. Alizikwa mwaka uliofuata, mvua ikinyesha, na mtu fulani alikuwa amechomoa spika.

Kwa hiyo, Brian, lile faili la namba linalofuatwa na jaribio la plagi, ambalo uliwahi kuniambia "halina mpangilio wowote", nusu sekunde, sekunde mbili, robo sekunde, sekunde tano, ni mkono wa Sista Nekesa. Ni mtu mzima anayeogopa radi na anayeogopa kufutwa kazi kwa wakati mmoja. Unasema hakuna mtu anayechomoa plagi hivyo. Mtu ninaye, na namba zake mnazo.

Ningeweza kukomea hapo, lakini kuna jambo la wiki yangu ya mwisho ambalo sikuwaambia, kwa sababu mlikuwa mmeniletea keki na sikutaka kuiharibu.

Alhamisi ile, nilipokuwa nikifungasha vitu vyangu, Sista Nekesa alikuja. Ana mvi sasa. Aliketi safari hii. Akaniuliza kama kifaa kinaamka siku hizi, nikamwambia kinaamka. Akauliza, na kisipoamka? Nikamwambia kinasema. Akatikisa kichwa kukubali, kisha akafungua mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa ripoti yangu ya kwanza, nakala yake. Nusu ukurasa. Kifaa hakina kosa. Sahihi yangu ya wakati huo, yenye madaha.

"Niliitwa intaviu ya kuwa mkuu wa kituo," akasema. "Walifungua faili. Hii iko chini, ile ya pili iko juu, lakini yule alikuwa anasoma alianza na ya zamani. Akaniuliza mambo ya friji. Nikaeleza. Huyu ni mtu wa tatu nimeeleza, Madam. Kila mtu akifungua hiyo faili, mimi naanza tena kuwa mwongo mpaka afike karatasi ya juu."

Nilianza kumwambia juu ya kurasa zangu tano, jinsi zilivyoeleza kila kitu. Akaweka kidole juu ya karatasi.

"Kurasa tano hakuna mtu husomanga. Andika hapa. Juu ya hii."

Miaka yote hii nimewakaripia kwa kuandika alama mpya mahali pengine na kuiacha ya zamani ikisema uongo. Nimewarudishia kazi kwa sababu hiyo, wengine mara nne. Na ya kwangu ilikuwa imekaa kwenye faili la mtu muda wote huo ikisema "macho". Nikachukua kalamu. Nikaandika kwa kukatiza maneno yangu mwenyewe: Nilikosea. Muuguzi alisema kweli. Nilikuwa naye mlangoni na sikumuuliza. Nikatia sahihi, nikaweka tarehe.

Aliisoma mara mbili. Alisema angeipeleka mwenyewe Ijumaa na kuhakikisha imewekwa mahali pa ile nyingine, akiwa amesimama hapo hapo. Mpaka leo ninapoandika hajajibiwa kuhusu hiyo nafasi.

"Haijamaliza hata dakika," akasema, akakunja karatasi.

Jaribio lake linamaliza arobaini, Brian. Liacheni.

Madam Ayuma